Uzi Mweupe Ukingoni mwa Nywele

Kwa siku mbili nilipambana na uzi mweupe. Picha ilikuwa ya mwanamke aliyesimama mbele ya ukuta wa kijivu, nywele zake za kipilipili zimetanda kuzunguka uso, na kazi yangu ilikuwa kumtoa pale ukutani na kumweka mbele ya anga la jioni. Nilimteua kwa uangalifu kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, yaani nikalitenga eneo lake; nikatengeneza maski, kifuniko kinachoamua nini kionekane na nini kifichwe; nikalainisha kingo ili zififie polepole. Hata hivyo, kuanzia sikioni hadi begani pakabaki mstari mwembamba mweupe, kama uzi ambao fundi cherehani kausahau kwenye pindo. Ukiitazama picha nzima kwenye skrini, hukuuona kwa urahisi. Ilipochapishwa kwa ukubwa wa bango, jicho lilikwenda pale pale na halikutoka.

Nilidhani ninaijua dawa yake. Mtu ukimkata kutoka mandhari moja, rangi ya mandhari ile hung'ang'ania ukingoni, na tiba ya kawaida ni kuusogeza ukingo ndani kidogo. Basi nikaupunguza uteuzi kwa pikseli 1, ile nukta ndogo kabisa ya picha. Uzi ukabaki. Nikapunguza kwa pikseli 2, ukanenepa. Hapo ndipo nilipoondoa mkono kwenye kipanya na kukaa kimya. Nakata zaidi, na kinachopaswa kukatwa kinaongezeka! Tena ukuta ulikuwa wa kijivu. Weupe huu umetoka wapi?

Picha ya aina hii hujengwa kwa leya, tabaka zinazopangwa moja juu ya nyingine. Nikaongeza leya chini ya leya ya mtu na ya anga, nikaijaza rangi nyekundu. Uzi ukaingia wekundu.

Kumbe weupe haukuwa mabaki ya ukuta hata kidogo. Ulikuwa unatoka chini, kwenye leya nyeupe ya msingi ambayo nilishaisahau. Leya ya mtu na leya ya anga zilikuwa zinavuja mahali pamoja.

Nilichokuwa nimekifanya kilionekana nadhifu. Nilimteua mtu, nikatengeneza maski yake. Kisha nikaugeuza uteuzi ule ule, nje ukawa ndani, nikatengeneza maski ya anga. Mtu huku, anga kule, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kingo zikiwa kali, mpango huo hauna tatizo. Lakini kingo za nywele ni laini. Kwenye maski nyeupe huonyesha, nyeusi huficha, na kijivu huonyesha kiasi. Katikati ya ukingo maski ya mtu ilikuwa na kijivu cha nusu, na maski ya anga nayo nusu. Kichwani mwangu nusu na nusu zilitoa kitu kizima. Leya hazipigi hesabu hiyo. Anga liliruhusu nusu ya weupe wa chini upite; mtu aliyekuwa juu akaruhusu nusu ya kile kilichopita. Nusu ya nusu ni robo, na robo ya weupe juu ya nywele nyeusi inaonekana hata na mtu asiyejua lolote kuhusu picha. Nilipoupunguza uteuzi wa mtu bila kuigusa maski ya anga, nilikuwa nalipanua pengo kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa wakifanya kazi kwenye kampuni ya filamu ya Lucasfilm, walichapisha hesabu ya kupandanisha picha ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa programu nyingi. Waliliona jambo hili waziwazi. Pikseli ikifunikwa nusu na kitu kimoja na nusu na kingine, kompyuta haijui kama nusu hizo zimekaa ubavu kwa ubavu au zimelaliana. Hesabu inachukulia kwamba hazina uhusiano wowote, kwa hiyo inafunika asilimia 75 na kuiacha robo wazi. Nilipoyasoma maelezo hayo, baada ya uzi wangu kuisha, nilitamani ningeyapata wiki moja mapema.

Tiba ilichukua sekunde kumi: nikaifuta maski ya anga. Anga likabaki zima, likapita nyuma ya mtu bila kukatwa, na mtu peke yake ndiye aliyebaki na ukingo laini. Tangu siku hiyo, vitu viwili vinavyopakana nikiviweka kwenye leya mbili, kimoja tu ndicho nakipa ukingo laini, kile cha juu. Cha chini kinaendelea kupita chini ya mwenzake. Na ile leya nyekundu sijaiacha. Kila kazi ya kuunganisha picha, kabla sijaitoa mkononi, naiwasha chini ya zote na kuzunguka kingo kwa ukuzaji wa asilimia 100.

Kuna mahali ambapo maski mbili zilizogeuziana hazina madhara, nami nilikuja kulijua hilo baada ya kuziogopa kila mahali. Ni kwenye leya za marekebisho, zile zisizo na picha yake ila hubadilisha mwanga au rangi ya zilizo chini. Ukiing'arisha sura kwa maski moja na kuipunguzia mandhari mwanga kwa maski iliyogeuzwa, ukingoni kila rekebisho linafanya kazi nusu, na picha yenyewe iko chini nzima. Hakuna pengo la kuvuja. Shida ipo pale tu ambapo maski inaamua kama kitu kipo au hakipo.

Katika kipindi hicho hicho nilikuwa nafanya kazi karibu na mzee mmoja aliyeianza kazi hii kabla ya kompyuta, enzi ambazo maski ilikuwa plastiki nyekundu inayokatwa kwa wembe na kubandikwa juu ya picha. Nyekundu, kwa sababu filamu za wachapaji hazikuiona rangi hiyo, kwa hiyo palipofunikwa palibaki pamezibwa. Ule wekundu unaotanda kwenye Photoshop unapobonyeza Q kuingia kwenye maski ya haraka umerithiwa kutoka huko. Mzee huyu alinikuta nimeinamia skrini, naufuata ule mstari wa vipande vipande unaotembea kuzunguka eneo lililoteuliwa. Sisi tuliuita siafu.

"Mwanangu," akasema, "wewe unawaangalia siafu. Siafu hawajui kitu. Angalia kijivu."

"Kijivu kipi, mzee?"

Akashika Alt, akabofya kijipicha cha maski. Skrini yote ikageuka nyeusi na nyeupe, na katikati, pale penye nywele, nikaona moshi: daraja baada ya daraja za kijivu ambazo siafu hawakuwa wamenionyesha hata moja.

Kila nilichojifunza baadaye kuhusu kuchanganya teuzi na maski kilianzia kwenye skrini ile. Uteuzi si mstari. Uteuzi ni picha ya kijivu, sawa na maski, sawa na chaneli, yaani picha ya kijivu inayohifadhi kiasi cha rangi moja au uteuzi. Kwenye picha ya biti 8 kila pikseli ina namba kati ya 0 na 255: nyeusi haijateuliwa, nyeupe imeteuliwa yote, na katikati kuna ngazi 254 za kuteuliwa kiasi. Ndiyo maana uteuzi unageuka maski kwa bofyo moja na maski inarudi kuwa uteuzi kwa bofyo jingine. Ni kitu kile kile kimebadilishiwa kiti. Siafu wanapita pale tu ambapo kijivu kinavuka asilimia 50. Kilicho chini ya hapo wanakiruka, ingawa kimeteuliwa na brashi yako itakigusa.

Kutolijua hilo kuliwahi kuniharibia kazi nzuri. Nilitaka kuyashika maeneo ya mwanga wa kati tu, yaani si vivuli wala si sehemu kali. Nilikuwa nimesoma njia: unashika Ctrl na kubofya chaneli ya RGB (nyekundu, kijani na bluu kwa pamoja), unapata uteuzi wa mwanga, ambao kila pikseli imeteuliwa kwa kadiri ya ung'avu wake. Ukiugeuza unapata uteuzi wa giza. Ukichukua makutano ya hizo mbili, yaani kile kilichomo kwenye zote, unabaki na mwanga wa kati. Nikafanya hivyo, Photoshop ikanitolea onyo kwamba hakuna pikseli iliyoteuliwa zaidi ya asilimia 50 na kwamba kingo hazitaonekana. Siafu hakuna. Nikaamini nimekosea, nikafuta, nikarudia, onyo likarudi. Mwishowe nikaiacha njia hiyo kwa miezi.

Sikuwa nimekosea. Photoshop inapotafuta makutano ya teuzi mbili, inazidisha. Pikseli ya mwanga wa kati kabisa ina nusu kwenye uteuzi wa mwanga na nusu kwenye uteuzi wa giza, na zao lake ni robo, yaani karibu 64 katika 255. Hiyo ndiyo thamani ya juu kabisa ambayo makutano hayo yanaweza kufika. Haiwezi kugusa asilimia 50, kwa hiyo siafu hawawezi kutokea, na uteuzi uko salama kabisa. Unaugeuza kuwa maski ya leya ya marekebisho, unaona rekebisho limekuwa dhaifu kwa sababu linapita robo tu, basi unaiongezea maski yenyewe ung'avu kwa Levels, zana ya kurekebisha giza na mwanga, mpaka nguvu ikutoshe. Ni maski, na maski ni picha. Kila kinachofanywa kwa picha kinafanyika kwa maski.

Kutoa nako kuna mtego wa aina hiyo. Ukitoa uteuzi laini kutoka kwenye uteuzi ule ule, ungetegemea kubaki na sifuri. Kwenye Photoshop unabaki na pete hafifu ukingoni, kwa sababu inachofanya ni kuzidisha uteuzi wa kwanza kwa kinyume cha wa pili, na ukingoni nusu ikizidishwa kwa nusu haiwi sifuri. Siafu hawapo, wewe unadhani hakuna kilichoteuliwa, unachukua brashi uipake picha, na brashi haipaki. Nimewaona watu wazoefu wakiifunga na kuifungua programu upya kwa sababu hiyo. Brashi ikikataa bila sababu, bonyeza Ctrl na D kwanza ili kuondoa uteuzi.

Si kila programu inazidisha. Nyingine, kwenye makutano, zinachukua ile ndogo kati ya thamani mbili, na matokeo ukingoni ni tofauti kabisa. Mimi programu nisiyoizoea naipima hivi: nafungua chaneli mpya, naijaza kijivu cha 128, naipakia kama uteuzi, natafuta makutano yake na yenyewe, nahifadhi matokeo kwenye chaneli nyingine, kisha naisoma namba. Ikiwa 64, inazidisha. Ikiwa 128, inachukua ndogo. Kazi ya dakika moja, na inaniambia nitegemee nini mwaka mzima.

Turudi kwa mwanamke wa picha, kwa sababu kwake nilijifunza jambo ambalo nalithamini kuliko vitufe vyote. Mtu hana ukingo mmoja. Taya lake na mabega yana ukingo mkali, safi. Nywele zake zina ukingo ambao hata macho hayaufuati. Mwanzoni nilitafuta zana moja itakayompata mzima, na kila zana ilinipa nusu: iliyofaa kwa nywele ilifanya taya lionekane limelowa maji, na iliyofaa kwa taya ilimnyoa nywele. Nilipokubali kwamba hizo ni kazi mbili, kila kitu kilirahisika.

Mwili niliuchora kwa kalamu ya njia, nukta kwa nukta, kutoka bega hadi bega kupitia tayani, na ukingo nikaulainisha kwa nusu pikseli tu. Nywele nikazitafuta kwenye chaneli. Nilizifungua moja moja, nyekundu, kijani, bluu, nikitafuta ile ambayo nywele zimeachana zaidi na ukuta. Kwa picha ile ilikuwa ya bluu. Kwa picha nyingine inakuwa tofauti, na dakika ya kuzitazama zote tatu haijawahi kunipotea bure. Nikanakili chaneli hiyo, nikaigeuza ili nywele ziwe nyeupe, nikausukuma utofauti wa mwanga kwa Levels. Nilijizuia kuusukuma hadi mwisho. Kishawishi ni kutaka nywele nyeupe pe na ukuta mweusi ti, na ukifika huko umeshaziua zile nywele moja moja za nje ambazo ndizo zinazomfanya mtu aonekane yuko hai pale alipo. Ziache kijivu.

Kisha kuunganisha. Hapa nilikosea mara nyingi, na kosa lenyewe halionekani mpaka ulitafute. Ukijumlisha teuzi mbili laini ambazo kingo zake zinapita mahali pamoja, ukingo unanenepa, kwa sababu kijivu cha hii kinapanda juu ya kijivu cha ile, na mabaki ya ukuta yanaingia pamoja na mtu. Siku hizi naupeleka uteuzi wa mwili ndani kabisa ya kichwa, vidole viwili kutoka ukingo wa nywele, nao uteuzi wa nywele nauacha ushuke hadi nyuma ya sikio tu. Kingo zao hazikutani popote ila sehemu mbili ndogo pale shingoni, na hizo nazimalizia kwa brashi. Ikibidi ziingiliane, naziweka kama leya mbili za kijivu na kuacha iliyo nyeupe zaidi ishinde kila pikseli, badala ya kuzijumlisha.

Na kulainisha hufanywa kabla ya kuunganisha, kila kipande kivyake. Ukilainisha baada ya kuunganisha, umempa taya ulaini wa nywele, na kazi yote ya kalamu imekwenda na maji.

Nilikuwa nafanya haya yote kwa kupakia maski na kuitengeneza upya: Ctrl na bofyo kuipakia, Ctrl na Shift kuongeza nyingine, Ctrl na Alt kutoa, zote tatu kupata makutano. GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, ina mambo hayo hayo kwenye menyu ya maski za leya. Vitufe hivyo ni vizuri na ninavitumia kila siku. Ila kila unapounganisha hivyo, maski mbili zinakuwa moja na huwezi kuzitenganisha tena. Aliyekuagiza kazi akisema kesho kwamba mwanga wa uso ushuke kidogo chini ya kidevu, unaanza upya.

Kundi la leya ndilo lililoniondolea mzigo huo. Unaiweka leya yenye maski yake ndani ya kundi, na kundi nalo unalipa maski. Maski ya ndani inazidishwa na ya nje, kwa hiyo unapata makutano ya hizo mbili, na kila moja inabaki nzima, inaweza kupakwa, kulainishwa au kuzimwa peke yake. Kwenye picha ile maski ya kundi ilikuwa umbo la mwanamke, ile ya nywele na taya niliyoihangaikia. Ndani ya kundi nikaweka marekebisho sita, kila moja na maski ya ovyo ya brashi kubwa laini: hapa mwanga shavuni, hapa kivuli shingoni. Ovyo kwa makusudi. Brashi ikitoka nje ya bega, kundi linaikata. Ukingo mgumu umetengenezwa mara moja tu, na kila kitu kilichomo ndani kinauheshimu. Kundi ndani ya kundi linawezekana pia, na ukifika ngazi ya tatu utahitaji kuandika majina, la sivyo hutajua ipi inakata nini.

Majina, kweli, yanahitaji aya yake hata kama ni fupi. Chaneli zilizohifadhiwa huitwa "Alpha 1", "Alpha 2" usipozipa jina, na baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka ipi ni nini. Mimi naandika kitu na ukingo wake: nywele-laini, mwili-kalamu, anga-kali. Nahifadhi kwenye faili za aina ya PSD au TIFF, au XCF nikiwa GIMP. JPEG haibebi chaneli hizo, haibebi leya, na haikuulizi mara mbili. Nilipoteza uteuzi wa nywele wa saa nne kwa njia hiyo, na bado naukumbuka.

Programu sasa zinamteua mtu au anga kwa bofyo moja, na mimi nimefurahi kwa dhati. Lightroom, programu ya kurekebisha picha, ilipoleta mpangilio wake mpya wa maski mwezi Oktoba 2021, ikaweka kuongeza, kutoa na makutano mahali pamoja, watu ambao hawakuwahi kugusa chaneli wakaanza kuchanganya: chagua anga, kisha makutano na kiwango cha mwanga, ili mawingu tu yapate rekebisho. Bofyo linakupa mwanzo mzuri kuliko wangu wa miaka ile. Halikupi ukingo wa nywele za kipilipili mbele ya ukuta wa rangi inayokaribiana nazo. Nachukua umbo lake, natoa eneo la nywele, naweka langu la chaneli badala yake. Mara nyingi nabaki na asilimia tisini ya kazi ya mashine na kipande kimoja cha mkono wangu, pale pale jicho linapokwenda kwanza.

Picha ya yule mwanamke niliichapisha tena. Kabla ya kuituma niliiwasha leya nyekundu, nikakuza, nikaanza sikioni na kushuka taratibu hadi begani. Nywele zilikuwa zimeingia ndani ya anga, moja moja, nyingine zikiwa na kijivu hafifu kiasi kwamba siafu wasingezihesabu. Wekundu haukuonekana popote. Nikaizima ile leya, nikahifadhi faili pamoja na chaneli zake zote, ndipo nikaituma.